Sahihi ya Kwanza ni Yangu

Jumanne, 12 Machi

Barua pepe taka 41,000 zimezuiwa kwa siku nne. Katangaza fundi wa kompyuta asubuhi, kifua mbele. Kaifungia seva nzima ya ile huduma ya barua pepe ya bure, zinakotoka takataka. Makofi chumba kizima, yangu yakiwemo. Ombi lilikuwa letu waandishi wa gazeti; sahihi ya kwanza ni yangu.

Dada wa matangazo ya vifo ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mwezi uliopita tangazo moja lilifukiwa na takataka, hakuliona. Mazishini walifika watu sita.

Jumatano, 13 Machi

Sanduku langu safi. Safi mno! Mpimaji wa maabara ya maji hajaandika. Amekuwa akinitumia kwa siri matokeo ya vipimo vya maji, kipande kwa kipande. Kimebaki kimoja, cha bomba la hospitali. Bila hicho habari haichapwi.

Anatumia anwani ya zamu yao, ya huduma ileile ya bure. Watu wanne, sanduku moja. Huandika, kisha hufuta. Mimi sijibu — ndiyo makubaliano. Simu ya maabara hupokewa na mkuu wa zamu.

Alhamisi, 14 Machi

Dada wa mapokezi: "Kaka, kuna mtu kapiga, jina hataki kutaja. Eti kama unaogopa ungesema, si kumfungia mlango usoni."

Nikashuka kwa fundi. Barua tatu kwangu kutoka anwani ya zamu, zote zimekataliwa. Nakala hakuna. Kila moja imejibiwa na mashine: imeshindikana kumfikia fulani — na jina langu kamili. Majibu hayo yameingia kwenye sanduku la watu wanne!

Nikamwambia afungue.

"Mzee, si wewe uliyenisumbua wiki mbili nifunge?"

Njia ni mbili, anasema. Afungue seva nzima, takataka zirudi kwa wote. Au niandike kwenye fomu anwani moja ya kuruhusiwa, mkurugenzi wetu asaini. Na mkuu wa mamlaka ya maji, yenye maabara ile, ni shemeji wa mkurugenzi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwomba dada wa matangazo avumilie siku mbili tu, tufungue seva yote. Hakupandisha sauti. "Na wafiwa wa siku hizo mbili, utakwenda wewe kuwaeleza?"

Nikarudi mezani kwangu.

Saa kumi na dakika tano fundi kanipigia: barua ya nne. Imekataliwa kama zilizotangulia. Majibu ya zile tatu mpimaji aliyaona, bila shaka akayafuta. La hii ya nne sijui — zamu yake huisha saa kumi, huenda kaondoka bila kuliona.

Fomu iko mezani. Nimejaza tarehe, idara, sababu: "mawasiliano ya kazi." Mstari wa anwani mtupu. Nikiuandika, nimetaja watu wanne, na mmoja wao ndiye mpimaji.

Mkuu wa zamu hukagua sanduku lao Jumatatu saa mbili asubuhi. Mkurugenzi husaini fomu Jumatatu, saa tatu.