Ukurasa wa Ugomvi

Kiranjeranje, Jumanne

Eti kesi yetu ikasikilizwe ng'ambo, na jaji asiyewahi kukanyaga shamba la ufuta! Wakili wa Lindi katuambia leo bila kupepesa macho. Mnunuzi ameukataa ufuta wetu, anadai una mchanga, na mkataba unasema ugomvi wowote utaamuliwa na mahakama maalumu ya biashara za kimataifa, iliyoko nchini kwao. Si Lindi, si Dar.

Imeandikwa wazi, na saini ni zetu.

Siku ile ya kutia saini, nilipokuwa nawasomea wenzangu mkataba mbele ya mnunuzi na kufika ukurasa huo wa ugomvi, mwenyekiti wa kikundi, Mzee Mnali, alinikatisha. "Mgeni kala wali wetu, wewe unamsomea habari za kugombana? Uchuro huo." Tukapiga dua. Mgeni naye akaitikia amina.

Sijui nitawaambia nini akina mama walioupepeta ufuta ule.

Halafu njiani tukirudi, Mzee ananiambia Ijumaa anakuja mnunuzi mwingine. Nikamwomba safari hii tuanze na ukurasa wa ugomvi.

"Mwanangu," akasema, "hili lenyewe halijaisha, unataka kutuitia lingine?"