Mti Wenye Mabaka

Mjukuu wangu Rahma,

Hili sijamwambia mtu: nna hasira na babu yako. Ni kaka yangu, ndiyo maana unaniita bibi na mimi bado niko shule, lakini hasira nnazo. Mama hajambo, anakusalimu. Joto la Maskati limeanza.

Umeniuliza kama baka jeupe lililotoka mkononi mwako litaondoka. Sijui. Yangu hayakuondoka.

Unaukumbuka mti wetu wa maua, ule wa majani ya kijani yenye kingo nyeupe? Marehemu baba aliupanda chini ya kiyoyozi ili maji yanayodondoka yaunyweshe. Mwaka jana, siku walipokuja kumposa dada, babu yako akautazama.

“Huu una mbalanga. Wageni watasema nini?”

Akachukua mkasi, akakata kila tawi lenye weupe. Kisha akanigeukia. “Na wewe kahawa usipeleke. Kaa ndani.”

Nikajibu, “Taib, kaka.” Shuleni nasoma kwa Kiarabu, nyumbani nasema Kiswahili, na siku ile nikakubali kwa Kiarabu, nikaingia ndani.

Mti umechipua, na majani mapya yametoka na weupe wao. Nauangalia kila asubuhi, na hasira hazijapungua. Wewe wakikwambia ufiche mkono chini ya mtandio, waambie bibi yako kakataa.

Nasikia viatu vya babu yako vinakuja mlangoni. Karatasi naificha. Mikono siifichi.