Ufito Wako Hauna Kosa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo, ingawa hilo nalisema kwa adabu tu. Usishangae mwandiko, ni wa mke wangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameshanigombeza kwamba namchosha kwa maneno mengi.

Kwanza ahsante kwa ufito mpya wa kuvulia. Nilipokulalamikia kwamba samaki wanamaliza chambo nami sisikii kitu, ulinijibu kuwa tatizo ni mshipi wa nailoni: unanyumbuka, samaki akidonoa huko chini, mdonoo wote unapotelea njiani. Ukaniambia nitumie ule wa kusokotwa, usionyumbuka. Nikautumia. Nikashinda gatini, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada kama baba alivyotufundisha, nikawa navuta ndoano tupu hadi wenzangu wakaniuliza kama siku hizi nafuga samaki.

Ukasema basi ni ufito, ule wa zamani ni mlaini mno, unapinda wee na kumeza kila mtikisiko. Ukanichongea huu mwembamba, mkavu, ncha ngumu, mpini hauna hata kitambaa. Jamani kaka, una mikono! Jirani yangu wa gatini, yule fundi saa mstaafu, aliomba aujaribu, akaapa kwamba amemsikia samaki akinusa chambo. Akavua watatu papo hapo. Akanirudishia. Muda si mrefu akanipigia kelele nivute, kumbe ncha inatikisika mbele ya macho yangu. Mkononi, kimya. Niliona aibu, nikasingizia usingizi.

Mke wangu akanivuta hospitali. Daktari alinifumba macho, akawa ananigusa vidole kwa sindano na kuniuliza ni kipi. Nilikuwa nabahatisha. Alisema mishipa ya fahamu inakufa, imeanzia ncha za vidole na itapanda, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kalamu inaniponyoka, vifungo vya shati nafungwa kama mtoto. Juzi nilishika sufuria ya moto, nikajua kwa harufu. Kuvua ndiyo kazi pekee niijuayo, kaka, na imekwisha. Nimelia sana, sikufichi.

Daktari alisema ugonjwa huu hurithiwa, akauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikasema hapana. Tukiwa njiani kurudi ndipo nikamkumbuka baba. Si unakumbuka alivyoacha kuvua, akisema maji haya hayana samaki tena, nasi tukamcheka kwamba ni mvivu? Na vikombe vyote vile alivyoviangusha, mama akimfokea?

Sasa lililonifanya nikuandikie. Chini ya mpini wa ufito wako kuna damu, imekauka kwenye alama ya kisu. Nyingi. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ulikuwa na haraka, hukuifuta. Leo najiuliza kama ulijua umejikata.

Tafadhali, kaka, mwambie shemeji akufumbe macho, akuguse vidole kimoja kimoja. Usinijibu kwa maneno ya kunifariji, niambie alichokiona yeye.

Wabusu watoto, na uwatazame mikono yao.

Ni mimi mdogo wako, uliyenipachika jina la Kidole kwa kuwa hakuna samaki aliyewahi kunidanganya.