Mkwe Anasoma, Mimi Niko Chumbani

Jumatatu, 3 Machi. Tuwan, Kitale

Sehemu ya thelathini na mbili leo. Ile tamthilia ya Kikorea ya mama muuza tambi na wanawe watatu. Mama yule anajua kazi. Anakata tambi huku anagombana na hatazami kisu hata mara moja. Kifungua mimba wake ni sufuri. Analia bila kamasi. Wahindi angalau kofi likipigwa utaonyeshwa mashavu ya ukoo mzima.

Nilifundisha drama shule ya msingi miaka kumi na tisa. Akina mama wa kijijini kwangu Matulo hawamwamini mwigizaji mpaka mimi niseme. Sijivuni. Sawa, najivuna.

Nimezima saa kumi na nusu. Niko kwa binti yangu, na mkwe hurudi saa kumi na moja.

Jumanne, 4 Machi

Nekesa bado anatembea ameinama, kidonda cha upasuaji kinamvuta. Binti yangu wa pekee. Uchungu ulipomshika mumewe alikuwa Eldoret kununua vipuri vya duka lake. Aliyempeleka hospitali ni jirani. Hilo sijalisahau. Jumamosi namchukua yeye na mtoto wake Wanjiru, nawapeleka kwangu Matulo miezi mitatu. Nimeshamwambia Nekesa. Amelia.

Mkwe naye ameambiwa. Amejibu "sawa" basi. Mtu anaambiwa mke na mtoto wanaondoka, anasema sawa! Mtu baridi. Nilimwona hivyo tangu harusi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mkwe amefunga duka mapema, amenikuta katikati ya sehemu ya thelathini na nne. Nimekimbilia chumbani na mtoto, kiatu kimoja kimebaki sebuleni. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwe hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono. Yeye ni Mkikuyu wa hapa Kitale lakini heshima hiyo ameishika, siwezi kumsingizia. Kulala nalala kwa dada wa kanisa, mlango wa tatu. Miaka minne ya ndoa yao na sijawahi kumtazama usoni vizuri.

Hasira. Mlango wa chumba ni pazia tu. Nasikia Kikorea chote na sielewi neno, maana maandishi yenyewe ya Kiingereza yako huko kwenye kioo cha televisheni. Nimesonya. Amesikia, nadhani, kwa sababu amesema, "Nekesa, ebu uliza mama kama anataka nimsomee."

Nimesema sitaki. Akasoma hata hivyo, kwa Kiswahili.

Alhamisi, 6 Machi

Anasoma vibaya. Mama na wanawe wote sauti moja, kama matangazo ya kanisani. Nimevumilia dakika kumi. Nikamtuma Nekesa: mwambie mama yule ni mkali, asimsome kama mgonjwa. Nekesa amecheka mpaka akashika kidonda. Nimetuma maagizo mengine sita. Daktari wa kwenye tamthilia asipige kelele. Kifungua mimba apunguze haraka. Anyamaze kidogo kabla ya neno zito.

Anashika upesi. Watoto wangu wa shule walihitaji wiki nzima kujifunza kunyamaza. Yeye jioni moja.

Na anabisha! "Mwambie mama huyo kifungua mimba si mbaya bana. Anazuia machozi sababu hataki mamake aone." Nimetuma jibu kwamba anayezuia huonekana shingoni. Akajibu nitazame shingo vizuri kesho mchana. Hakuna mtu aliyewahi kunibishia habari za uigizaji. Sijui kwa nini nimefurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana nimerudia ile sehemu peke yangu. Shingo inacheza. Sijamwambia mtu.

Jioni, sehemu ya thelathini na sita. Mama mkwe wa kifungua mimba amekuja kumchukua binti yake. Mizigo iko mlangoni. Yetu pia iko mlangoni, begi la Nekesa na beseni la mtoto.

Mkwe amesoma, "Nendeni salama." Akanyamaza. Wakorea wakaendelea peke yao. Nilidhani ni kule kunyamaza nilikomfundisha. Kumezidi. Akajaribu tena, "Nendeni salama, mimi nita..." Sauti ikakatika. Akazima televisheni.

Maisha yangu yote nimewapa watu alama. Pale hapakuwa na kuigiza. Nimeketi na mjukuu mapajani na nimeona aibu. Mtoto alikuja wiki mbili kabla ya siku zake, na hilo nililijua tangu mwanzo. Angejuaje yeye, akiwa Eldoret? Nilitaka tu mtu wa kumkasirikia.

Nimesema mwenyewe, bila kumpitia Nekesa. Mara ya kwanza.

"Baba Wanjiru, washa hiyo kitu. Nekesa na mtoto hawaendi mahali."

Kisha, "Asante, mama." Akawasha. Akasoma mpaka mwisho, na sauti ya mama muuza tambi aliipata kabisa.

Jumapili, 9 Machi. Matulo

Nimekuja peke yangu kuangalia kuku. Jumanne narudi Tuwan.

Akina mama wamekuja baada ya ibada, wanataka kujua tamthilia imefikia wapi. Nimewasimulia. Nimewaambia kifungua mimba nimempandisha alama, kwamba nilikosea. Wametazamana. Hawajawahi kunisikia nikisema hivyo. Mmoja akauliza, na yule mkwe wako, si ulisema ni mtu baridi? Nimemsifu. Nimemsifu mpaka chai ikapoa, na sikuona haya. Nimesema ndiye pekee aliyewahi kunishinda kwa hoja.

Wakauliza anafanana aje.

Nimefikiri kidogo. Nikasema ana sauti nzuri.