Kifuniko cha Tundu la Hewa la Bibi

Kijiji cha Ujamaa Kwamsisi,
Handeni.
15 Juni 1975

Mpendwa Baba Mdogo Isihaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tabora, na kwamba mguu wa Mama Mdogo Mwaija umepona. Sisi hatujambo. Mahindi yamekomaa vizuri, nami nasoma darasa la saba.

Uliuliza kuhusu kikohozi cha Bibi. Nitakueleza, ila nakuomba usinicheke kabla ya kufika mwisho.

Nyumba yetu mpya ya matofali ilikamilika mwezi wa tatu. Chumba cha Bibi kina tundu la hewa kwenye ukuta unaotazama njia, usawa wa kichwa cha mtu mzima. Mimi ndiye niliyemwomba Baba aliweke, kwa sababu Mwalimu alitufundisha kwamba chumba lazima kipumue. Bibi alilitazama tundu lile, akachukua mkeka wake, akarudi kulala katika kibanda cha zamani cha kupikia.

"Tundu lisilo na mlango!" alisema. "Watu wapite wanichungulie nimelala mdomo wazi?"

Kwa moshi wa kibandani akazidi kukohoa. Bwana afya alituonya kwamba akiendelea kulala mle, mapafu yake yataharibika. Nilikosa raha, maana tundu lilikuwa langu.

Ndipo Baba akaenda Korogwe kwa Fundi Habakuki, seremala, akaazima vifuniko vitatu vya mbao vya mfano ili Bibi achague mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa na vibao vilivyokatizana. Bibi akasema, "Hii misalaba mpelekeeni Mama Filomena." Jirani yetu alikipenda kweli, na mpaka leo hajakirudisha. Cha pili kilitobolewa vitundu vya duara. Bibi akatia kidole, akasema nyuki watashukuru sana. Cha tatu kilikuwa cha luva, yaani vibao vilivyolala mshazari, mvua isiingie. Bibi akanyamaza. Wewe unamjua mama yako: akinyamaza, amekubali.

Nikachora mchoro kwa rula na penseli iliyochongwa vizuri. Nikaandika 30 kwa 20. Baba akaupeleka.

Baada ya wiki mbili Baba alishuka kwenye basi na kitu kikubwa kichwani. Watu walidhani ameleta dirisha. Baba Mdogo, sikuandika neno "sentimita". Fundi Habakuki amepima kwa inchi tangu ujana wake, naye akatengeneza inchi thelathini kwa ishirini. Shuleni kosa hilo hukatwa nusu alama. Safari hii lilikula ubao mzima wa mninga.

Baba alikisimamisha uani, akanitazama. "Zamda, hiyo hewa yako ni nene kiasi gani?"

Nilijificha ghalani nikalia. Nikiwa huko nikamwona Bibi akitoka kibandani, anakohoa. Akakizunguka kile kifuniko, kisha akachutama nyuma yake. Wakati huo Mashavu, yule jirani wa upande wa kisimani, akapita na ndoo. Akamsalimia Baba, akaenda zake. Hakumwona Bibi kabisa.

Bibi akainuka polepole. "Mashavu ana ndoo mpya," alisema. "Na kanga ile si yake." Kisha akamgeukia Baba. "Sadala, bomoa ukuta."

Tundu likapanuliwa kwenda chini siku ileile. Sasa Bibi huweka sanduku lake chini ya luva, hukaa juu yake, na hewa inampuliza usoni. Analala humo usiku wa ishirini leo. Kikohozi kimekwisha, siku hizi hukohoa pale tu anapotaka mpita njia ashtuke.

Fundi Habakuki alimwambia Baba kwamba bwana mdogo aliyechora mchoro ule ana mkono ulionyooka, na akimaliza shule aje wazungumze kazi. Baba hakumwambia kuwa ni mimi. Nafikiri nitakwenda kumwambia mwenyewe.

Bibi anasema uje na misumari, kwani anataka luva ya pili ukuta wa upande wa zahanati. Vipimo nimeshaandika, na mara hii ni inchi.

Wasalimie Mama Mdogo, Hamisa na mdogo wake Mhina. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, na safari yenu ya kuja iwe nyepesi.

Mimi mwanao anayekupenda,
Zamda Sadala