Kwa Nini Ulinusa Vichwa vya Wanasesere

Papa,

Kopo lako la rangi nyeupe limekwisha. Nakwambia mapema, maana hata huko uliko najua swali lako la kwanza litakuwa hilo. Limeishia kwenye kichwa cha mwanasesere wa Kapinga, yule binti wa jirani zetu hapa mtaa wa Panda. Ulimwahidi kuondoa alama ya moto kwenye shavu la mwanasesere huyo na kumpaka rangi ya kahawia kama ngozi ya Kapinga mwenyewe. Ukafa mikono na miguu ya plastiki ikiwa bado ndani ya beseni, chini ya kitanda chako.

Mambo yamebadilika, Papa. Kiwanda kimya. Shangazi amelima matembele pale ulipokuwa na maua yako. Na akina Kapinga wameambiwa si wenyeji hapa, warudi kwao mkoa wa Kasai, kwao ambako mtoto yule hajawahi hata kukanyaga. Wanalala stesheni na masanduku yao wakingoja treni, na hakuna anayejua itakuja lini. Mama Kapinga alipita kuniaga. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mwanasesere amepona. Nikasema bado kidogo tu. Nilidanganya, sikuwa hata nimeanza, na treni ingeweza kuingia kesho yake.

Basi nikafanya kama nilivyokuona ukifanya. Nikaosha vipande kwa sabuni, nikavianika, nikavisugua kwa msasa laini mpaka mng'ao ukaisha. Nikachanganya rangi nyeupe na poda ya watoto, ili ikikauka ising'ae, nikapaka tabaka jembamba la msingi. Nikangoja. "Weye ngoja, bado haiyakauka," ndivyo ulivyokuwa ukisema huku ukinipiga mkono. Asubuhi nikagusa shavu, rangi yote ikabanduka kama utando wa maziwa. Nikarudia. Ikabanduka tena. Kwenye kopo ikabaki rangi ya kupaka mara moja tu.

Nilikukasirikia, Papa. Nikaongea peke yangu kama kichaa. Miaka minne nimekaa kando yako, na kumbe kuna kitu hukuniambia! Na nilikuwa na kinyongo kingine tangu mazishi. Kabla jeneza halijafungwa, Shangazi alikupaka mafuta usoni, ukang'aa, wewe uliyechukia mng'ao maisha yako yote. "Uso ya muntu si sahani," ulizoea kusema. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa.

Nikaenda stesheni kumwambia Mama Kapinga ukweli. Nikamkuta Kapinga akimwogesha mdogo wake kwa maji kidogo ndani ya sufuria. Alipomaliza akachota mafuta kwa kidole, akampaka uso, masikio, mpaka nyuma ya magoti, mtoto akang'aa katikati ya vumbi lile lote. Nilisimama pale kama mjinga. Nilikuwa nimekumbuka pua yako.

Kila kichwa kilichokuja nyumbani ulikinusa kabla ya kitu kingine chochote. Tulikucheka, tukasema Papa ananusa kama mtu anayechagua samaki sokoni. Kumbe ulikuwa ukitafuta mafuta! Kapinga alimpaka mwanasesere wake kila asubuhi, kama mama yake alivyompaka yeye, na mafuta yale yamekaa kwenye plastiki miaka yote. Sabuni peke yake ingefanya nini?

Nikarudi mbio, nikanusa. Kweli kabisa. Nikaosha kwa maji ya moto, nikafuta kwa lutuku, ile pombe kali uliyoificha nyuma ya makopo. Shangazi alidhani unainywa. Nisamehe, hata mimi nilidhani hivyo. Nikaosha na kufuta tena na tena, siku mbili nzima, mpaka pua yangu haikupata kitu. Nikapaka rangi ya mwisho ya kopo. Ikashika. Juu yake nikapitisha kahawia, tabaka jembamba mara tatu. Alama ya moto ikapotea, na uso ukatulia, haung'ai hata juani. Ungejivunia, Papa.

Treni ilikuwa imeshaingia nilipofika. Nikapenya katikati ya watu, nikampa Kapinga mwanasesere wake dirishani. Akamtazama sana. Akapitisha kidole shavuni, akakunja uso.

"Mama, ona, ngozi yake iko nakauka! Leta mafuta."

Mama yake akatoa kopo la mafuta. Ningeweza kumzuia, Papa, maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwacha Kapinga apake. Alianza na paji la uso, taratibu, kama Shangazi alivyoanza na lako. Hakuweza kumpeleka mtoto wake safari ya mbali na ngozi kavu. Treni ikaondoka na uso ule ukiwaka, nami nikalia na kucheka pamoja, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nilipofika nyumbani nilimkumbatia Shangazi. Hakujua kwa nini.

Pumzika, Papa. Kazi yako sitaiacha. Nakuahidi kila kichwa nitakinusa kwanza, wacheke wanaocheka. Nitapaka uso usiong'aa, kama ulivyonifundisha. Na nikishamkabidhi mtu mwanasesere wake, sitamkatalia mafuta.

Binti yako,
Georgette