Nani Alikipandisha Kiti Ghorofani?

Bwenini, 2 Septemba

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi. U hali gani? Na mama, nasikia anatembelea mkongojo, ni kweli? Mimi mzima wa afya, ninachougua ni hisabati tu, na ugonjwa huo unaujua tangu zamani.

Dereva anayetuletea mikate ndiye aliyeniambia kwamba kiwandani kwao yuko binti mwenye jina kama langu, tena akicheka anashikwa na kwikwi. Nikamwambia huyo ni somo yangu, hakuna mwingine duniani. Miaka miwili sijui uliko, kumbe kila asubuhi ninakula mikate yako!

Sasa sikia maajabu. Mwezi wa kumi na moja tunahitimu, na mwalimu wa darasa ametutaka tuandike historia ya darasa letu, isomwe siku ya mahafali. Tangu hapo hatuna amani. Huyu anasema nyuki walivamia maabara tukiwa kidato cha kwanza, yule anaapa ni cha pili. Katika kubishana tukafika kwenye viti. Desturi ya hapa hujaisahau: kiti ulichopewa siku ya kwanza ndicho unachokibeba mwenyewe kila Januari kwenda darasa jipya, na siku ya mwisho unamkabidhi mtoto anayekuja kuanza kidato cha kwanza kwa mkono wako. Tulipovipanga, kimoja kikazidi. Nikakipindua. Chini kuna jina letu, na ile namba mbili ya Kirumi uliyoichora kwa rangi ya kucha ili tusichanganywe.

Somo, uliondoka mwisho wa kidato cha pili, na kiti chako kiko ghorofani, kidato cha nne. Miguu kinayo, lakini ngazi hakijui kupanda. Nani alikipandisha? Ulimtuma mtu? Mwalimu anasema kiti kisichokabidhiwa siku hiyo kinakwenda stoo kuvunjwa mbao. Nataka uje ukikabidhi mwenyewe. Nataka uje, basi.

Ni mimi,
Somo


Kiwandani, 9 Septemba

Somo,

Salamu nimezipata. Mama ameuacha mkongojo tangu Juni. Siku hizi ananifokea akiwa amesimama, ndiyo ujue kapona. Mimi nipo, unga mpaka kwenye nyusi.

Sikumtuma mtu. Mama alipoanguka nilikuja kuchukua sanduku langu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniaga, sembuse kunibebea kiti. Kuna mtu aliona jina akadhani ni chako, yakaishia hapo. Usitafute makubwa mahali pasipo na kitu.

Mahafali huwa Jumamosi, na Jumamosi tunaoka mara mbili. Halafu nije kama nani? Ninyi mtavaa majoho, mimi nivae aproni?

Somo yako

Tanbihi: Ule mguu wa nyuma bado unayumba? Si kwamba nataka kujua.


Bwenini, 23 Septemba

Somo yangu mwenye hasira,

Hujambo? Mama hajambo? Mwambie nimefurahi kusikia anafoka.

Umenikata maini, lakini sikukata tamaa. Nimeuliza darasa zima mpaka wameanza kuniita Mpelelezi. Na kweli, nusu ya jibu ulilipatia. Aliyekipeleka kidato cha tatu ni Golikipa. Alikuwa akinitaka mimi, maskini! Akaona jina, akajitwisha kiti asubuhi na mapema ili nikija nishangae. Mimi nikaja na changu kichwani, wala sikumtazama. Mpaka leo akisimulia anafuta jasho.

Lakini Golikipa anakana kabisa habari ya kukipandisha ghorofani. Anasema Januari ya mwaka huu alikuwa na mkono kwenye plasta, na plasta ile sote tuliitia sahihi. Sasa nani?

Na ule mguu hauyumbi, somo! Nilikikalia nikajitingisha makusudi, kimya. Chini ya mguu pamepigiliwa kipande cha kandambili ya bluu. Nani aliikata kandambili yake kwa ajili ya kiti cha mtu asiyekuwepo? Nimemuuliza kiranja, akaniambia nikasome hisabati. Kiranja! Yule aliyekuwa akikuandika kila siku na wapiga kelele kwa sababu ya mguu huohuo! Namshuku, ila sijui namshuku kwa lipi.

Ni mimi,
Mpelelezi, somo yako


Kiwandani, 4 Oktoba

Somo yangu,

Salamu sana, na mama anakusalimu. Barua yako nimeisoma mbele ya tanuri, nikaunguza trei nzima. Msimamizi amenipa mkate mmoja ulioungua akasema niusome na wenyewe.

Hebu nikwambie jambo. Siku ile nilipokuja kuchukua sanduku, nilipita darasani kwanza. Nilitaka kuwaaga. Hapakuwa na mtu, wote mlikuwa maabara, na gari lilikuwa likinisubiri langoni. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikakiyumbisha kidogo ili kipige kelele, labda mngesikia. Halafu nikaondoka. Nimeumia miaka miwili kwa kutoagwa, na sasa ninapoandika naona kwamba hamkujua hata kwamba nilikuja.

Usimwonee kiranja. Ana kandambili za kijani, nazikumbuka kwa sababu alinitupia moja. Au alibadilisha? Tazama miguuni kwake usiku wakati wa kwenda kunawa. Tazama vizuri, kisha unijibu haraka.

Kuja siwezi. Wenzangu mmemaliza, mimi nimeishia nusu ya safari. Nitakaa upande gani, wa wazazi?

Somo yako


Bwenini, 18 Oktoba

Somo yangu mpendwa,

Habari za tanuri? Sisi tunaendelea, mtihani unatukodolea macho.

Nimetazama miguuni kwake. Za bluu! Na ya kushoto haina kisigino, anatembea upande upande, na sisi miaka yote tulidhani ni maringo. Nikamwambia, "Dada mkubwa, leo huchomoki." Akakaa juu ya ndoo, akasema, nakuandikia kama alivyosema:

"Mguu ule ulinikera miaka miwili. Alipoondoka darasa likawa kimya, na kimya kile kikanikera zaidi. Nikautengeneza, ili akirudi nisipate tena sababu ya kumwandika."

Aliyekipandisha ghorofani ni yeye. Mtunza stoo kila muhula alikuja kukichukua, na yeye kila muhula alimwambia, "Mwenyewe kaenda kumuuguza mama yake, anarudi." Nikamuuliza alijuaje kwamba unarudi. Akasema, "Sikujua. Nilisema tu."

Nililia, somo, nisikufiche. Nilidhani mimi ndiye ninayekukumbuka kuliko wote, kumbe nilizidiwa na mtu wa kandambili moja na nusu.

Nimejitolea kukikabidhi kiti kwa niaba yako. Darasa zima likakataa. Wamesema jina linaweza kuwa moja, lakini mkono si mmoja. Mahafali ni tarehe 22 Novemba, lango linafunguliwa saa mbili asubuhi. Njoo, hata na aproni.

Somo yako


Bwenini, 8 Novemba

Somo,

Hujambo? Wiki ya tatu hii dereva anapita mikono mitupu. Namuuliza, ananionyesha mikate. Nimekukosea? Mama yuko salama? Niandikie hata neno moja. Kiti tumekifuta vumbi.

Somo


Nyumbani, 24 Novemba

Somo yangu, mhitimu,

Hongera! Na hongera tena, hata kwa hisabati, matokeo tutayaona mbele ya safari. Mama anakusalimu. Dereva amekubali kupita kwenu na barua hii.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika "sitakuja", kisha nikaichana karatasi. Jumamosi nikaomba ruhusa, nikafika langoni, nikageuka. Nilikaa ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu muda wote, aproni nimeikunja kwenye mfuko. Kipaza sauti chenu kinasikika mpaka sokoni. Nimesikia historia yote. Habari ya nyuki ilikuwa kidato cha kwanza, mmekosea! Kisha mkaanza kuita majina. Jina letu likaitwa, ukaitika. Likaitwa tena. Nikawasikia darasa zima mnaitika, "Yupo!" Fundi viatu akaniuliza, "Binti, unalia nini?" Nikamwambia nimeitwa.

Niliingia wageni walipokuwa wameondoka. Mwalimu wa darasa alikuwa ghorofani anafunga madirisha. Hakushangaa. Akauliza, "Umekuja kukabidhi?" Nikasema, "Nimekuja kuutazama mguu." Nikakipindua, nikakiona kipande cha bluu kwa macho yangu, nikakikalia. Kimya kabisa, somo. Hapo ndipo nilipojua sitaki kumpa mtu kiti kile.

Nikamwambia hivyo. Akasema kama sikikabidhi, basi nikitumie, nafasi ipo. Jana nimemweleza mama. Amesema yeye sasa ana miguu yake, na mimi nikajitafutie yangu. Msimamizi ataniweka zamu za likizo.

Januari naanza kidato cha tatu. Nitakuwa bibi kizee wa darasa, na watoto watanicheka, na nitashikwa na kwikwi. Mwambie kiranja aje aniandike. Kiti nimekiteremsha ngazi mimi mwenyewe.

Somo yako